Kumbukumbu ya mradi wangu: Kujiandaa kwa usaili wa kufundisha Kiingereza Bujumbura

Mwanzoni mwa Januari

Kituo kimoja cha lugha mjini Bujumbura, ambacho huwafundisha watu wazima Kiingereza nyakati za jioni, kimenijulisha kwamba nimo katika orodha ya watakaofanyiwa usaili. Usaili una sehemu mbili: mazungumzo na jopo kwa njia ya video, kisha somo la mfano la dakika 30 mbele ya wanafunzi halisi wa kiwango cha A2, yaani wanaojua Kiingereza cha msingi tu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Nimeamua kuweka kumbukumbu ya maandalizi haya kwa sababu karibu ushauri wote niliousoma kuhusu usaili wa namna hii umeandikiwa vijana wa Uingereza na Marekani wanaokwenda kufundisha Asia, na haumgusi kabisa mwalimu anayevuka mpaka wa Manyovu kwenda kuwafundisha majirani zake.

Kazi ya kwanza niliyojipangia ni kuwafahamu watakaoketi mbele yangu. Majibu ya kuwapa wanajopo yatafuata. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 ikakipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mtu mzima aliyesoma kwa Kifaransa tangu utotoni leo anatakiwa kuwaandikia kwa Kiingereza watu wa Arusha yaliko makao makuu ya Jumuiya, au kufuatilia nyaraka za mzigo wake uliofika bandari ya Dar es Salaam. Mwanafunzi huyo ni msomi, anajua kitenzi ni nini, anakuja darasani akiwa amechoka na kazi za mchana, tena amelipa kwa fedha yake mwenyewe. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawafanani naye hata kidogo, kwa hiyo mbinu zangu za kila siku nitazichuja kabla ya kuzipeleka huko.

Katikati ya Januari

Nimetumia muda mwingi zaidi kwenye jambo ambalo matangazo ya kazi hayalitaji, yaani makosa ambayo mwanafunzi wa Bujumbura huja nayo kutoka katika lugha anazozijua tayari. Mwalimu mwenzangu mmoja alisoma Burundi hadi sekondari, na mazungumzo yangu naye yamenifaa kuliko kurasa nyingi za intaneti.

Makosa yenyewe yana asili tofauti. Aliyesoma kwa Kifaransa husema "I have 30 years" na "I am agree", kwa kuwa Kifaransa huonyesha umri kwa kitenzi cha kuwa na kitu, na hueleza kukubali kwa kitenzi cha kuwa ("je suis d'accord"), ambacho kikihamishwa kwa mazoea huvuta "am" isiyohitajika. Husema pia "I have seen him yesterday", maana umbo la Kifaransa linalofanana na hali timilifu ya Kiingereza ("have seen") ndilo linalotumika katika mazungumzo kwa tukio lililokwisha, hata likifuatwa na neno la jana. Kirundi nacho kina mchango wake: hutenganisha wakati uliopita wa karibu na wa mbali, mgawanyo ambao Kiingereza hakina. Tena Kirundi na Kiswahili kwa kawaida humalizia silabi kwa irabu, kwa hiyo kitenzi "worked", ambacho kwa Kiingereza ni silabi moja tu, hurefuka mdomoni kwa irabu zisizokuwamo. Sauti za r na l hubadilishana nafasi, na "he" na "she" huchanganyika kwa sababu Kirundi na Kiswahili havitofautishi jinsia katika kiwakilishi cha mtu.

Orodha hii imenichagulia mada ya somo la mfano bila mimi kuitafuta. Nitafundisha tofauti kati ya hali timilifu na wakati uliopita, kwa kuwa hapo ndipo Kifaransa, Kirundi na matamshi hukutana katika sentensi moja. Nilikuwa nikifikiria mada nyepesi, kama vile kuagiza chakula hotelini, lakini mada nyepesi humwonyesha mwalimu mchangamfu, haimwonyeshi mwalimu anayefundisha. Huo ni mtazamo wangu, na najua wapo wasaili wasioukubali.

Mwishoni mwa Januari

Andalio la somo limeandikwa. Nimebakiza safu zetu za kawaida za hatua, muda, kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi, kisha nikaongeza safu ya tano ya makosa yanayotarajiwa na namna ya kuyakabili. Nadhani safu hiyo ndiyo jopo litakayoisoma kwa makini zaidi.

Somo linaanza kwa picha ya Maporomoko ya Karera, kusini mashariki mwa Burundi, na swali "Have you ever been to Karera?" Uchaguzi wa swali la kwanza umenichukua muda kuliko nilivyotarajia. Kwa mfano, kuwauliza watu wa Bujumbura kama wamewahi kula mukeke, samaki ambaye sisi Kigoma tunamwita mgebuka, hakuna maana yoyote, kwa sababu wote watajibu ndiyo na hakuna atakayetaka kujua zaidi. Swali linalofaa ni lile ambalo baadhi watajibu ndiyo na wengine hapana. Anayesema ndiyo anaulizwa hapohapo "When did you go?", naye analazimika kuhama kutoka hali timilifu kwenda wakati uliopita ili ajibu "I went in 2019". Uhamaji huo ndio somo lote. Kabla sijaandika kanuni ubaoni nitauliza maswali mafupi ya kupima kama maana imeeleweka: katika sentensi ya kwanza tunajua alikwenda lini? Na katika ya pili?

Baada ya hapo yanakuja mazoezi ya matamshi ya kiambishi cha wakati uliopita, yaani "worked", "played" na "wanted", kila kimoja kikiwa na mwisho wake, na ni hicho cha tatu peke yake kinachoongezewa silabi. Kisha wanafunzi wanasimama na kuulizana wao kwa wao kuhusu Gitega, Hifadhi ya Rusizi, Arusha na Dar es Salaam, kila mmoja akimtafuta aliyefika mahali ambapo yeye hajafika. Sehemu hii nimeitengea dakika 12, kwa kuwa jopo linataka kuwasikia wanafunzi wakizungumza, si kunisikia mimi.

Suala la kutumia Kiswahili darasani nimelifikiria sana. Wakazi wengi wa Bujumbura wanakifahamu, hasa wale wa Buyenzi, na swali letu la "Umewahi kufika?" linaingia katika nafasi ya "Have you ever been?" karibu bila kubaki pengo. Hata hivyo daraja hilo ni fupi. Anayedhani kwamba -me- ni hali timilifu ya Kiingereza kila inapotokea atatafsiri "amelala" kuwa "he has slept", ilhali mlalaji bado anakoroma. Uamuzi wangu ni kulisema swali hilo la Kiswahili mara moja tu, pale maana inapotakiwa kueleweka, kisha kuendelea kwa Kiingereza. Jopo likipinga, nitatetea uamuzi huo kwa kueleza muda uliookolewa.

Wiki ya kwanza ya Februari

Nimelijaribu somo mbele ya walimu wenzangu jioni baada ya vipindi. Sehemu ya matamshi ilizidi muda, nami nimeipunguza vitenzi. Maelekezo ya zoezi la kuulizana sasa ni sentensi tatu fupi, na kabla ya kugawa karatasi ninamwomba mtu mmoja aonyeshe kwa mfano kinachotakiwa.

Upande wa mazungumzo na jopo, maswali mengi yanatabirika: utafanya nini darasa likiwa na viwango mchanganyiko, utamsahihisha mwanafunzi wakati gani, utajuaje kwamba lengo limefikiwa. Kuhusu usahihishaji, jibu langu ni kwamba kosa linalogusa lengo la somo husahihishwa papo hapo, na mengine huandikwa pembeni ili yajadiliwe mwishoni bila kumtaja aliyeyafanya, kwani mtu mzima mwenye cheo kazini hapendi kuaibishwa mbele ya wadogo zake.

Swali la vyeti linahitaji uangalifu. Sina cheti cha CELTA, cheti cha kimataifa cha kufundisha Kiingereza kwa watu wazima, ambacho ni cha saa zipatazo 120 na humtaka mwalimu afundishe saa 6 huku akitazamwa. Nilicho nacho ni shahada ya ualimu, mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa chuoni, na kozi ya intaneti ambayo haikuwa na darasa la kweli. Nitayasema hayo kwa mpangilio huo, kisha nitaeleza kwamba mazoezi yangu yalifanyika mbele ya wanafunzi wa kweli na mkaguzi akiwa ameketi nyuma.

Lipo pia swali ambalo huenda lisiulizwe waziwazi, la kwamba Kiingereza si lugha yangu ya kwanza. Sitaomba radhi kwa hilo. Aliyepita njia kwa miguu anajua mahali penye miiba kuliko aliyezaliwa mwisho wa safari, na jedwali langu la makosa litakuwa mezani kama ushahidi.

Kabla ya mazungumzo ya video

Vilivyokamilika: andalio la somo, picha, karatasi za zoezi, nakala za vyeti na wasifu wa kurasa mbili. Umeme ukikatika nitatumia simu, ambayo nimeinunulia bando la kutosha. Kilichobaki ni maswali yangu kwa jopo, kwa sababu nikiondoka bila kuuliza nitarudi nyumbani nikiwa na kazi nisiyoijua.

Nataka kujua vipindi ni vingapi kwa wiki, kama maandalizi na usahihishaji vinalipwa, kama kituo kina kitabu kinachofuatwa au mwalimu hutunga azimio la kazi mwenyewe, na mshahara unalipwa kwa sarafu gani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini haiondoi haja ya kibali cha kazi, na gharama na ufuatiliaji wa kibali hicho ni lazima viwe na mwenyewe kabla sijaandika barua ya kuacha kazi Kigoma. Kwa hiyo swali la kibali nimelitanguliza mbele ya lile la mshahara.