Kemo ilipoisha niliambiwa nikae, nikatembea

Nilipomaliza kemo, yaani tiba ya dawa, ya saratani ya utumbo mpana, kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na ushauri uleule: kaa, kula, lala. Wifi yangu alifikia kuninyang'anya ufagio. Upendo wake nauthamini, lakini ushauri ulinikera, maana mimi ni fundi cherehani na kukaa nimekaa maisha yangu yote. Wengine wakaleta chupa za dawa za kusafisha utumbo. Sikunywa hata moja.

Daktari ndiye aliyenisimulia utafiti uliotoka Juni 2025. Wagonjwa 889, wengi wa Kanada na Australia, wote wamekwisha kupasuliwa na kupata kemo kama mimi. Nusu walipewa vijitabu vya maelekezo ya afya, nusu wakapata mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3. Ilipofika miaka 8, upande wa mazoezi asilimia 90 walikuwa hai, upande wa vijitabu 83. Na kila mtu alijichagulia zoezi! Kutembea kwa kasi dakika 45 hivi, mara 3 au 4 kwa wiki, kulitosha kufikia lengo walilowekewa. Nikasema, hilo naliweza.

Raba nilinunua za mtumba, elfu kumi na kitu, soli nene, kwa sababu dripu za oksaliplatini, dawa mojawapo ya kemo yangu, ziliniachia ganzi kwenye nyayo. Mwenye ganzi asianze na njia ya mawe. Hapa Morogoro milima ya Uluguru inakuita kila asubuhi, lakini mimi nilianza na barabara tambarare.

Kilichonisumbua ni kasi. Unaambiwa tembea haraka; haraka ya nani? Mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili, nikaamua kujipima kwa wimbo. Nikiweza kuimba ubeti mzima bila kukata pumzi, naongeza mwendo. Kuimba kukinishinda lakini bado naongea vizuri na jirani yangu ninayetembea naye, hapo ndipo penyewe. Nikishindwa hata kuitikia "marahaba", nimepitiliza, napunguza. Na njia yetu asubuhi imejaa watoto wa shule, shikamoo haziishi, kwa hiyo kipimo ninacho kila hatua chache, bure kabisa. Mwanzoni pumzi ilikatika nikiwa sijafika mashine ya kusaga. Siku hizi kwa mwendo uleule napita pale naimba mpaka kiitikio, na wasagishaji wananipungia mikono. Najivunia sana.

Misuli nayo inataka haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau siku 2 kwa wiki. Mimi nanyanyua madumu madogo ya maji, kisha nasimama na kukaa kwenye kiti bila kushika popote. Kijana mmoja wa mazoezi alinisisitizia nilale chali niinue kiwiliwili, eti inakanda utumbo. Mshono ulivuta siku nzima, nikaachana naye. Kinga haitoki kwenye kukanda tumbo. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, insulini inashuka, mafuta yaliyozunguka matumbo yanapungua, na choo hakikai muda mrefu ndani. Ndiyo maana baiskeli, kuogelea, jembe na hata ngoma vyote vinafaa, mradi pumzi ipande.

Hili si la wagonjwa peke yao. Wazima wanaojishughulisha hupata saratani ya utumbo mpana mara chache kuliko wanaokaa tu, na kwao lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wadogo zangu nimewaambia watembee, na pia waende wakapimwe, kwa sababu ugonjwa huu ukiwa kwenye familia hatari inaongezeka. Mimi mwenyewe kliniki siachi.

Masika barabara ikigeuka tope, napanda na kushuka ngazi za jengo lenye fremu yangu kabla wateja hawajafika. Ngazi zinapandisha pumzi haraka, ubeti mmoja tu unatosha kujua.