Kuunganisha Printa na Osiloskopu ya Zamani

Osiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) ya miaka ya 1990, kama ile iliyo katika karakana yetu hapa Nairobi, mara nyingi haina tundu la USB, bali huchapisha michoro ya mawimbi kupitia RS-232, yaani tundu la zamani la kutuma data biti moja baada ya nyingine. Mimi huanza na kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), osiloskopu na printa zikilingana. Herufi zikitoka zimevurugika, kagua kwanza kasi. Karatasi ikibaki tupu, shuku kebo, kwani huenda nyaya za kutuma na kupokea zinahitaji kupishana. Printa za bei nafuu za Luthuli Avenue, ambazo hazifanyi lolote bila draiva, yaani programu ya kuziendesha iliyo kwenye kompyuta, hazifai kabisa. Tafuta inayoelewa PCL (lugha ya amri za printa iliyobuniwa na HP) au lugha ya Epson.