Moyo wa Kima, Ini la Sungura

Bibi yangu wa Pangani hakuanza hadithi ya kima na papa mpaka watoto wote tuwe tumetulia mkekani. Papa anampakia kima mgongoni, wanafika katikati ya maji, ndipo anamtolea siri: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, "Mbona hukuniambia mapema? Sisi tukisafiri, mioyo tunaiacha mtini." Tulicheka kila mara kama vile hatujawahi kuisikia.

Naanza na Pangani kwa sababu bila mkeka ule nisingeelewa nilichokiona Korea Kusini mwanzoni mwa Septemba 2022. Nilikwenda kumtembelea binamu yangu anayesoma Jeonju, mji wa Jeolla Kaskazini, upande wa kusini-magharibi mwa nchi, ambako pansori ina mizizi mirefu. Pansori ni uimbaji wa kusimulia. Kuna mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, basi. Kisa kinaweza kuimbwa kwa muda wa saa tatu. Kile kirefu zaidi, cha binti Chunhyang, hufika hata saa nane. Zamani visa vilikuwa 12. Vilivyosalia vikiimbwa kwa ukamilifu ni vitano. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza pansori kuwa urithi wa binadamu.

Jioni ya pili binamu alinipeleka kwenye chumba kidogo mtaa wa nyumba za kale, tukavua viatu, tukakaa chini. Mwimbaji alikuwa mama wa makamo, mkononi ana upepeo wa karatasi na mianzi. Sauti yake haikuwa nyororo. Ilikwaruza, ikapasuka, ikazama, ikaibuka tena, na binamu akaninong'oneza kwamba mkwaruzo huo ndio unaotafutwa. Kuna waimbaji waliojifundisha kando ya maporomoko ya maji mpaka sauti zao zikayashinda. Mpiga ngoma alipiga ngozi kwa kiganja cha kushoto, na kwa kijiti cha mkono wa kulia akagonga ubao wa juu: tak! Kila tak ilinyoosha mgongo wangu.

Kisa kilikuwa Sugungga. Mfalme Joka wa Bahari ya Kusini ni mgonjwa, dawa yake ni ini la sungura. Kasa anajitolea kwenda nchi kavu, amebeba picha ya sungura asije akakosea mnyama. Ameogelea mno, taya limekufa ganzi. Anamwona sungura, anataka kumwita kwa heshima. Sungura kwao ni "to", chui milia ni "ho". Taya linagoma, badala ya "Bwana To" linatoka "Bwana Ho", na chui milia, ambaye maisha yake yote hajaitwa bwana na mtu, anashuka mlimani kuitika. Mama yule alifungua upepeo, prrr, na chui akawa mbele yetu. Nilikuwa sijui Kikorea hata neno, lakini nilirudi nyuma pale nilipokaa.

Na watu hawakunyamaza! Kila mara mwimbaji alipopandisha sauti, mzee mmoja alipaza, "Eolssigu!" Mwingine, "Jalhanda!", ndiyo kusema unafanya vizuri. Wito huo wanauita chuimsae, na bila huo kisa hakina uhai. Nilikumbuka "hadithi njoo" yetu, na nikakumbuka harusi za Tanga, mwimbaji wa taarabu akigusa mahali penye ukweli na mama mmoja akainuka kwenda kumtunza.

Jumamosi asubuhi tukapanda treni ya mwendo kasi kwenda Seoul. Kwenye taarifa ya habari walikuwa wanakitaja kimbunga Hinnamnor kilichokuwa njiani, lakini siku ile treni ilipita kwenye mashamba ya mpunga mabichi bila shida. Binamu akanieleza njiani kitu ambacho bado kinanishangaza. Katika historia ya kale ya Korea iliyokamilishwa mwaka 1145 imeandikwa kwamba mwaka 642 mjumbe wa ufalme wa Silla, Kim Chunchu, alifungwa katika ufalme wa Goguryeo, akasimuliwa kimafumbo hadithi ya kasa na sungura. Akaielewa. Naye, kama kima wetu, akamwahidi mfalme kile alichokitaka, akaachiwa, akaenda zake. Asili ya hadithi hiyo inafuatiliwa mpaka India, kwa kima na mamba wa hadithi za Kibudha. Upande mmoja ikafika Korea. Upande mwingine ikafika kwetu, na kima na papa wakachapwa London mwaka 1870 katika hadithi za Kiswahili zilizokusanywa Unguja. Bahari ile ile imewapeleka wote wawili.

Seoul tulishuka Yongsan, tukachukua treni za chini ya ardhi mpaka kituo cha Chuo Kikuu cha Dongguk, tukapanda mlima wa Namsan hadi Jumba la Taifa la Maonyesho. Ukumbi unaitwa Haeoreum, mawio ya jua. Kundi la Taifa la Changgeuk, lililoundwa 1962, lilikuwa linaonyesha *Gwito*, iliyotungwa na kuongozwa na Koh Sun-woong na kuonyeshwa mara ya kwanza 2021. Changgeuk ni pansori iliyogawiwa waigizaji wengi, kila mmoja na nafasi yake.

Koh anakianza kisa pale bibi yangu angezima taa. Sungura mjanja ameshaponyoka, amerudi mlimani, na huko huko nchi kavu tai akamkamata. Mkewe naye akauawa na mwindaji. Anabaki mwana wao, yatima aliyechoka na mlima wenye balaa kila pembe, na yeye mwenyewe anataka kwenda baharini. Jina la mchezo nalo lina nyuso mbili: ukilisikia ni "kasa na sungura", na pia ni "kurudi ardhini". Kwenye jukwaa la mbao lililoinama viumbe wa bahari walikuja kwa miili ya waigizaji tu, kwa kunesa mabega na kukunja viwiko, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu nyuma ya barakoa, maana bado zilikuwa lazima ndani ya majengo.

Katikati ya kicheko kile kijana wa sungura akaimba peke yake, na ule mkwaruzo wa Jeonju ukarudi. Binamu, ambaye hajakanyaga Tanga miaka minne, aliacha kunitafsiria. Sikumwuliza kitu. Mzee wa mbele yetu akaita "Eolssigu" kwa sauti ya chini kabisa, karibu kama anaitika dua.

Tulipotoka ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, Pangani ni adhuhuri. Nikapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamsimulia yote. Akanikatiza, "Sungura? Nani kawaambia sungura? Sungura anajua nini cha bahari?"

"Kwao ni sungura, bibi. Na anatakwa ini, si moyo."

Akanyamaza kidogo. "Na alisema ini kaliacha wapi?"

"Kalitundika kwenye tawi la juu."

"Mtini?"

"Mtini, bibi."

Nikamsikia anacheka mpaka anakohoa, kisha anamwita jirani aje upesi.