Pumzi Hutangulia, Kano Hufuata

Njoro, Jumapili usiku

Farasi aliyekulia huru malishoni, bila kushikwa na mtu, ana udanganyifu wake: pumzi anayo tayari. Amezoea kutembea kutwa akitafuta majani na maji, na baada ya miezi miwili ya mazoezi hahemi tena mlimani. Hapo ndipo wengi humharibu. Moyo hujengeka kwa wiki kadhaa. Kano za miguu, zile nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, hutaka miezi sita, mifupa mwaka na zaidi. Na anayetaka kumpanda kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ajue ni karibu kilomita 180, hata kama safari ni ya kuchangisha karo za watoto.

Kwanza, azoee mkono wa mtu. Ndani ya boma la mviringo unamsogelea hadi ainue kichwa, unasimama. Akikishusha, unageuka na kurudi hatua mbili. Kinachomfundisha ni ile nafuu ya wewe kurudi nyuma. Ukichelewa sekunde tatu umemfundisha jambo jingine. Usimfunge kwenye nguzo kabla hajajua kufuata kamba ikivutwa kidogo, maana atavuta kwa nguvu zote na kuumia shingo. Mkanda wa tumbo nao hukazwa tundu moja moja, katikati akitembezwa. Ukikazwa kwa pupa atarusha mateke, na tandiko litakuwa adui kwa miezi.

Wiki sita za mwanzo ni kutembea tu, saa moja, siku nne kwa wiki. Halafu mchakamchaka kidogo kidogo. Ongeza umbali au kasi, kamwe si vyote wiki moja. Kila asubuhi pitisha kiganja nyuma ya mguu, chini ya goti: ukano uwe wa baridi na umekaza kama kamba ya katani. Ukihisi joto au kauvimbe, hata kama hachechemei, kazi imesimama. Saisi, yaani mtunza farasi, aliye mzoefu huligundua hili kabla daktari hajafika.

Mapigo ya moyo husikilizwa nyuma ya kiwiko cha kushoto. "Du-dup" ni pigo moja. Wageni huhesabu mawili wakashtuka bure. Akitulia ni 28 hadi 44 kwa dakika. Baada ya kazi yashuke hadi 64 ndani ya dakika 15 au 20. Yasiposhuka, ama ulimkimbiza mno au kuna mahali panamuuma.

Sehemu ya kuogopa si baridi ya Londiani, ni mteremko baada ya Kericho. Uzito wote huhamia miguu ya mbele na tandiko huteleza kuelekea mabega, kwa hiyo shuka utembee naye. Chini, Awasi na Ahero, ni joto. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu. Ikipungua mwilini, kiu yenyewe hupotea na debe la maji analitazama tu. Ndiyo maana vijiko viwili vya chumvi huingia kwenye chakula kila siku, tangu nyumbani. Bondeni kuna visubi pia, vijidudu vidogo viumavyo, waenezao ugonjwa wa farasi wa Afrika: chanjo itangulie mvua, na machweo yamkute ndani.

Tarehe ya safari ikifika na ukano bado una joto, apande lori. Michango itakusanywa vilevile.