Uliingia ndani saa ngapi?

Fomu yetu ya utafiti wa malaria ilikuwa na swali moja nililolipenda kwa wepesi wake: "Jana usiku ulilala ndani ya neti?" Nauliza, naandika ndiyo, naenda nyumba ya pili. Katika vijiji vya ng'ambo ya Mto Sabaki, mwendo wa bodaboda kutoka Malindi mjini, karibu kila mtu alinijibu ndiyo. Wala hawakuwa wakinidanganya. Neti nilikuwa naziona mchana, za buluu, zimepigwa fundo na kuning'inia juu ya kitanda, nyingine zina viraka vya leso kuukuu.

Neti zipo, na malaria ipo. Tukipima watoto kwa kuwachoma kidole, ule mstari wa pili kwenye kipimo, wa kusema malaria ipo, ulikuwa hauishi kujitokeza.

Kazi yangu hasa ilikuwa mbu. Kabla ya magharibi natundika mtego wa taa upande wa miguuni mwa kitanda, nje ya neti ya anayelala, na saa kumi na mbili asubuhi naenda kuutoa. Taa inamwita mbu, harufu ya mtu inamwita zaidi, na kifeni kidogo kinamfyonza hadi mfukoni. Asubuhi nyingine tulitandika shuka nyeupe sakafuni, tukapuliza dawa, tukafunga mlango dakika 10, kisha tukaingia kuokota walioanguka. Wenye nyumba walicheka sana. Mtu mzima, na shahada yake, kapiga magoti anachambua mbu kama anachagua mchele!

Wengi wao ni kuleksi, wale wa kelele masikioni. Anofelesi, mwenye malaria, utamjua akitua ukutani: kichwa chini, mkia juu, kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda. Hata viluwiluwi wao hutofautiana. Wa kuleksi huning'inia wakipumulia kimrija, wa anofelesi hujilaza bapa juu ya maji. Na msidhani wote wanataka maji ya mvua. Kuna Anopheles merus, wa pwani huyu, anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi.

Lakini kilichoniteka ni umri. Mbu hazaliwi na malaria. Lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vimelea, halafu vimelea vikae ndani yake siku 10 hadi 14 hivi kwa joto kama la huku, ndipo vifike kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Wa kumwogopa, basi, ni kizee. Kumjua, unampasua chini ya darubini na kutazama mayai yanakotoka. Ambaye hajataga, vishipa vyake vya hewa vimejiviringa mfano wa uzi kwenye kibonge, na aliyetaga, uzi umefumuka. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka nikapasua watano bure. Daktari Ronald Ross aliviona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu tarehe 20 Agosti 1897, huko India, kwa darubini ya zama hizo na jasho likimtiririka. Mimi nilikuwa na feni na soda baridi na bado nawaharibu.

Sasa, kuna nyumba moja mtego wake ulikuwa unatoka mtupu. Nikabadilisha betri, nikabadilisha taa. Bibi mwenye mji, ambaye sote tulimwita Hawe, akanitazama nikihangaika na nyaya, akasema: "Mjukuu wangu, wewe waja magharibi waenda zako, waja alfajiri waenda zako. Hebu kaa siku moja."

Nikakaa. Saa tatu usiku ndani ya nyumba hamna mtu. Bati lilikuwa limeshika joto la mchana kutwa, hakukaliki. Watoto wanne walikuwa wamelala kwenye mkeka chini ya mwarobaini, mdogo wao kifua wazi. Sima ndiyo kwanza imeliwa. Baba yao yuko mangweni, mnazi haujaisha. Nyumba ya tatu kulikuwa na matanga, na jamaa wa mbali na wa karibu walikuwa wamejinyoosha uwanjani, watalala hapohapo mpaka siku ziishe. Neti zote za mji ule zilikuwa ndani, zimetulia, zinawalinda magodoro.

Hawe akajipiga kofi kwenye muundi. Akanionyesha kiganja kwa mwanga wa simu, doa jekundu na miguu miwili. "Huyu naye mwandike."

Nilimtia kwenye kichupa, japo alikuwa ameshapondeka na kwenye darubini hakufaa kitu. Namba nikampa.

Nilirudi nikaomba swali moja tu liongezwe. Nikaambiwa fomu imeshapitishwa na kamati ya maadili, haiongezwi neno bila kibali kipya, na kibali huchukua miezi. Wana haki yao, sheria hizo zinawalinda watu wenyewe. Ila nilinuna.

Basi nikawa nauliza kwa mdomo, na majibu naandika pembeni kwa penseli. Ninazo bado zile kurasa. Saa tatu na nusu. Saa nne. Saa nne. Saa sita, mangwe. Saa tatu, mtoto alibebwa akiwa usingizini. Saa nne na robo. Hakuingia, matanga. Hakuingia. Hakuingia.