Asubuhi katika heya ya sumo, Ryogoku

Walinitoza yeni 12,000, ambazo kwa hela yetu ya Tanzania ni kama laki mbili, ili nikae sakafuni juu ya mto mwembamba nitazame wanamieleka wa sumo wakifanya mazoezi. Chai haikuwemo. Hita haikuwepo, na asubuhi za Februari mjini Tokyo baridi hupenya mpaka kwenye mifupa. Baadaye wenyeji wakanieleza kwamba kule Nihonbashi Hamacho kuna heya, yaani nyumba wanamoishi na kufanyia mazoezi wanamieleka, iitwayo Arashio, yenye dirisha kubwa linalotazama barabarani, na mtu akisimama nje anaona mazoezi bila kutoa hata senti. Kampuni iliyotuuzia tiketi haikutuambia hilo, ingawa niliwauliza wazi kama kuna njia ya bei nafuu. Nalitaja mapema ili anayepanga kwenda ajue.

Kazi ndiyo iliyonipeleka Japani, na mambo ya kazi nayaacha. Nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Mombasa, mtu mzima, mpenzi wa ndondi tangu ujana wake, na ndiye aliyeshikilia kwamba tusiondoke bila kuona sumo. Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba yako Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Februari hakuna. Kwa hiyo kilichobaki ni kuwafuata wanakoishi.

Wengi wanaishi Ryogoku na mitaa ya jirani, ng'ambo ya mto Sumida. Hapo ndipo ulipo Kokugikan, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1985 unaoingiza watu wapatao 11,000. Nyumba yenyewe tuliyoingia ilikuwa ya ghorofa, ya kawaida tu, baiskeli zimeegeshwa mlangoni. Ghorofa ya chini ndiyo uwanja wa mazoezi, juu wanalala. Dada aliyetuongoza alitupa masharti tukiwa bado nje: simu zizimwe sauti, hakuna kuongea, hakuna kuelekeza nyayo ulingoni, hakuna kutoka mpaka mazoezi yaishe. Mimi na dada huyo tulikuwa na sharti la ziada, kwamba mwanamke hakanyagi dohyo, huo ulingo wa udongo. Tukae jukwaani na tusishuke.

Mimi nimekulia mkekani, kukaa chini si shida. Lakini saa mbili na nusu bila kunyoosha mguu, kwenye ubao wa baridi, ni mateso, na kwa bei ile mtu anastahili walau blanketi.

Tulipoingia walikuwa wameshaanza, na nje giza ndiyo kwanza linatoka. Chumba kilikuwa na harufu mbili zinazogombana: jasho, na mafuta matamu wanayopaka nywele zao ndefu kabla ya kuzifunga kishungi utosini. Juu ukutani kuna kijumba kidogo cha ibada. Pembeni nguzo ya mbao, imeng'aa kwa miaka ya kupigwa viganja. Katikati ni duara la udongo uliopondwa ukawa mgumu, kipenyo chake mita 4.55, limezungushiwa mabunda ya majani ya mpunga yaliyofukiwa nusu. Oyakata, yaani mkuu wa nyumba, alikaa kwenye mto wake mbele yetu. Hakutugeukia hata mara moja.

Kwanza walikuwa wakinyanyua mguu mmoja pembeni, juu kabisa, wanautuliza hapo, kisha wanaushusha kwa kishindo. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Wanaume wa kilo 150 na zaidi wanapofanya hivyo kwa pamoja, kishindo hukisikii kwa masikio, kinakujia kupitia ubao uliokalia. Wengine walikaa chini wakapanua miguu mpaka kifua kikagusa udongo. Sikujua mwili mkubwa hivyo unaweza kulainika namna ile.

Nilikuja kuona majitu. Nikamwona mtoto.

Alikuwa mdogo kuliko wote, mkanda wake mweusi, nywele hazijafika urefu wa kufungwa, zinamwangukia machoni. Hatua ya mwisho ya mazoezi, mmoja anatoa kifua, mwingine anamvamia na kumsukuma mpaka upande wa pili wa duara. Zamu ya yule kijana ilipofika, aliyempa kifua alikuwa mkubwa wake kama mara mbili. Akamvamia. Kifua kikalia paa! Nyayo zake zikachora mifereji miwili kwenye udongo, akasukuma, akasukuma, mkubwa akarudi hatua moja, kisha akamkamata shingoni na kumbingirisha chini. Akaamka mgongo mzima umeganda mchanga. Akavamia tena. Akabingirishwa tena. Nilidhani atapumzishwa. Hakupumzishwa. Pumzi yake ikawa inatoka kama mivukuto ya mhunzi, mate yanamdondoka, magoti yanatetemeka, na kila alipochelewa kuinuka wenzake waliosimama ukutani walimpigia kelele. Oyakata alisema neno moja, kwa sauti ya chini, na kijana akainuka. Safari ile mkubwa alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mabunda ya majani, sijui kwa kushindwa au kwa kumwachia. Kijana akainamisha kichwa kushukuru, akaenda kuchukua ufagio, akaanza kufagia udongo.

Mwanangu ana miaka kumi na sita, yuko bweni. Nilijizuia nisilie, maana hata kulia nilihisi kungehesabika kuongea.

Mnamo saa mbili akashuka mmoja aliyefungwa mkanda mweupe, na chumba kikabadilika. Wote wakamwinamia. Mmoja akamletea maji kwa kata, mwingine taulo. Mkanda mweupe ni wa waliofika madaraja mawili ya juu, ambayo jumla yake ni watu 70 tu kati ya wanamieleka takriban 600: 42 daraja la juu kabisa, 28 la chini yake. Hao 70 ndio wenye mshahara, na hata aliye mwanzo wa ngazi hiyo anapata yeni 1,100,000 kwa mwezi. Wengine wote hawana mshahara, wanapewa posho, kitanda na chakula. Wanapika, wanafua, wanawasugua wakubwa migongo bafuni.

Kwetu Tanga, enzi za mama yangu, watoto wa kiume walipopelekwa jando, mama alibaki nyumbani. Haruhusiwi kusogea kumbini, anapika chakula kinapelekwa, na anasubiri mtoto arudi akiwa na cheo kipya. Mama yangu alinisimulia jinsi alivyokesha kwa ajili ya kaka zangu. Lakini jando lina siku ya kutoka, na wazee wa kumbini ni wajomba na majirani unaowajua. Huku mtoto akishamaliza shule ya kati, miaka kumi na mitano, anaweza kuingia, na wengine hukaa miaka ishirini bila kuuona mkanda mweupe. Na mkono wa mkubwa si mara zote una huruma. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa na wenzake katika heya moja, na oyakata wake akafungwa jela. Ninayaandika haya kwa sababu niliyoyaona asubuhi ile yalinivutia sana, na siwezi kuusifu ule uvumilivu nikaficha ulikowahi kufika.

Tulipotoka nje mwenzangu alivuta pumzi ndefu. "Dadangu," akaniambia, "yule kijana mamake akimuona vile, atalala kweli?" Nikamjibu kwamba mimi si mamake na usiku ule sitalala.

Njiani alinipa habari za Osunaarashi, Mmisri, Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa, Mwislamu aliyejulikana kwa kufunga Ramadhani huku akishindana. Alifika daraja la juu Novemba 2013. Julai 2014, Nagoya, mashindano yakiwa yameangukia mwezi mtukufu, aliwaangusha mayokozuna wawili, yaani wenye cheo cha juu kabisa cha sumo, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo. Nikafikiria kuvamia kifua cha yokozuna kwenye joto la Nagoya, mtu hajanywa maji tangu alfajiri.

Chakula chao, chanko, kilikuwa kinachemka jikoni tukiondoka: kuku, kabichi, uyoga, tofu, vyote chungu kimoja. Hawali kifungua kinywa. Wanakula karibu na adhuhuri, wakubwa kwanza, wadogo wamesimama wakihudumia. Sisi wageni hatukuonjeshwa. Tulipelekwa mgahawani na tukalipa upya.

Ila kabla ya hapo walitoka mlangoni kupiga picha na wageni, na yule kijana alikuwepo, amevaa kanzu nyepesi ya pamba kwenye baridi ile, miguu mitupu. Nikamwomba dada atutafsirie. Ana miaka kumi na sita, ametoka Aomori, kaskazini, na tangu aingie hajarudi kwao. Naye akaniuliza kama Tanzania kuna mieleka. Nikamwambia ipo, lakini hakuna nyumba inayomlisha kijana ili ajifunze. Akafikiri kidogo, akauliza: sasa wanakula wapi? Nikamwambia kwa mama zao. Akacheka, mara ya kwanza kumwona meno.

Dada aliniandikia jina lake la ulingoni kwa herufi zao kwenye karatasi. Matokeo ya madaraja yote huwekwa mtandaoni, hata ya wale wa chini kabisa, ambao hupigana mara saba tu katika siku kumi na tano. Mwanangu akiwa likizo ndiye anayelinganisha zile herufi na kunisomea. Osaka alishinda matatu akapoteza manne, akashuka. Mei alishinda manne. Tunasubiri Nagoya.