Nilivyoipata sodiamu benzoeti ya chakula kwa pilipili yangu ya chupa

Yule aliyeniambia "dada, benzoeti ni benzoeti, nunua popote" angeniulia biashara na hasira zake bado ninazo. Natengeneza pilipili ya chupa hapa Mbagala, ndoo ya lita 20 kwa mpigo, na mara ya kwanza nilinunua hiyo dawa ya kuhifadhia Kariakoo, imefungwa fundo kwenye mfuko laini usio na hata herufi moja. Nikaambiwa vijiko vitatu vya supu kwa ndoo, nikaweka. Pilipili ikaja na ladha fulani inayokwaruza koo, wateja wawili wakarudisha chupa. Ndipo nikapima vijiko vitatu kama vile kwenye mzani, gramu 45! Na Codex, viwango vya chakula vya kimataifa, kwenye sosi wanataka isizidi miligramu 1,000 kwa kilo wakihesabu kama asidi ya benzoiki, kwa hiyo ndoo yangu mwisho wake ni gramu 23 hivi za sodiamu benzoeti. Nilimwaga yote. Iliniuma, lakini hiyo wanakula watoto wa watu.

Duka la pili jamaa akasema yake ni safi asilimia 99. Sawa kaka, ila hata ya viwandani inaweza kufika 99, mimi nataka kujua hiyo moja iliyobaki ina nini ndani. Ya chakula madini ya risasi yanapimwa, hayatakiwi kuzidi miligramu 2 kwa kilo. Akanionyesha cheti cha maabara kwenye simu, kina muhuri kabisa. Nikamwambia naomba nione mfuko wenyewe wa kilo 25 ulikotoka mzigo. Akasitasita, akanipeleka stoo, nikainama na tochi ya simu nikatafuta namba ya bachi, yaani ya mkupuo uliotoka kiwandani, pale karibu na mshono. Haifanani na ya kwenye cheti hata kidogo! Nikamsogezea simu yake asome mwenyewe, hakunijibu kitu, nikaaga.

La tatu namba zililingana, mfuko umeandikwa E211 (namba ya sodiamu benzoeti) ya chakula na tarehe ya kuisha inaonekana, wakanipimia nikiwa naangalia. Bei ilizidi kama shilingi elfu mbili au tatu kwa kilo, ukiigawa kwa chupa haifiki hata shilingi moja, sasa mtu anabania nini hapo? Siku hizi kila ndoo naandika kwenye daftari bachi ya benzoeti iliyoingia, na picha ya lebo ninayo kwenye simu.